Vituko vya Tangini

Kabla ya kuhamia Oxford mwaka 1949, mtaalamu wa tabia za wanyama Niko Tinbergen alikuwa akifundisha Leiden, Uholanzi. Maabara yake ilikuwa na safu ya matangi ya kioo yaliyopangwa kando ya madirisha, na ndani yake waliishi samaki wadogo wa Ulaya wenye miiba mitatu mgongoni, urefu wao kama wa kidole. Siku nyingine madume wote walikuwa wakipandwa na wazimu kwa pamoja. Wanakimbilia upande wa dirisha, wanasimamisha miiba, wanakifuata kitu fulani kutoka pembe hii ya tangi hadi ile, kisha kimya. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, na maji yalikuwa safi. Kilichopita kilikuwa gari la posta, huko nje barabarani, na magari ya posta ya wakati ule yalipakwa rangi nyekundu.

Dume la samaki huyo huwa mwekundu tumboni msimu wa kuzaa, na mwenzake akiuona wekundu ule haoni pambo, anaona mvamizi. Tinbergen alitengeneza vinyago ili ahakikishe. Kinyago kilichofanana na samaki kwa kila kitu isipokuwa wekundu hakikuwasumbua sana madume. Donge lisilo na umbo la samaki, mradi limepakwa nyekundu upande wa chini, lilishambuliwa vikali. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl von Frisch, ambaye tutakutana naye mbele kidogo, na Konrad Lorenz.

Mfugaji wa Kinondoni au Nyali akiviona vituko kama vile leo, kuna hatari kubwa atakimbilia dukani arudi na chupa ya dawa. Sehemu kubwa ya dawa za samaki humwagwa kwenye maji ambayo shida yake haikuwa ugonjwa. Samaki haongei, hapigi kelele, na kuumwa kwake hukuficha kadiri awezavyo kwa sababu mitoni mnyonge ndiye anayeliwa kwanza. Anachobakiwa nacho ni mwendo wake, mahali anapokaa tangini, na jinsi anavyopumua. Ni lugha ndogo, lakini inasomeka.

Anza kwa kukaa. Vuta kiti, kaa robo saa mbele ya tangi bila kugonga kioo wala kutupa chakula, na ujiulize kwanza: ni mmoja au ni wote? Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, ila tangini mambo huenda kinyume. Wakiharibikiwa wote kwa saa moja, usimtafute aliyeanza. Hakuna ugonjwa unaosambaa kwa kasi hiyo. Mtuhumiwa ni maji, hewa, au kitu kilichoingia chumbani. Dawa ya mbu ya kupuliza, kwa mfano, nyingi hutengenezwa kwa kemikali ambazo binadamu huzivumilia lakini kwa samaki ni sumu kali mno, na pampu ya hewa huivuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini. Samaki huanza kutetemeka, kuzunguka kama pia na kugonga kioo. Nyumba inapopulizwa, zima pampu, funika tangi kwa taulo lenye maji, na usiondoe kabla chumba hakijapata hewa safi.

Akiwa mmoja peke yake, basi ama anaumwa, ama anaonewa, ama ana mimba, ama amezeeka.

Jambo la pili ni saa. Tabia ileile huwa na maana tofauti alfajiri, baada ya kula, na dakika kumi baada ya kubadilishiwa maji. Wengi huingiwa na hofu wanapoamka usiku wa manane, wakawasha taa na kumkuta neoni tetra amepauka, mstari wake wa buluu umefifia, ameganda katikati ya maji kama aliyekata roho. Amelala tu. Samaki hawa hawana kope za kufumba, na rangi yao hupungua gizani. Taa ikiwaka nusu saa rangi hurudi.

Jambo la tatu halimo tangini bali kichwani mwa mfugaji mwenyewe: wiki mbili zilizopita kimebadilika nini? Samaki mpya, chakula kipya, jiwe lililookotwa ufukweni, chujio lililosuguliwa likang'aa. Anayeandika mambo haya kwenye daftari hata kwa mstari mmoja mmoja huokoa samaki wengi kuliko mwenye kabati la dawa.

*

Kituko kinachoonekana mara nyingi zaidi ni cha samaki kupanda juu na kuhema. Midomo hutoboa uso wa maji, mkia unaning'inia, na vifuniko vya matamvua vinapigapiga. Chukua saa, hesabu mapigo ya matamvua kwa dakika nzima, uandike. Hesabu moja haisemi mengi, lakini ukiwa umeihesabu pia siku samaki yule alipokuwa mzima, unacho kipimo ambacho hakiuzwi popote.

Hesabu ya oksijeni ni ngumu kwa wakazi wa pwani. Maji baridi ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Na samaki hana joto la mwili la kwake mwenyewe: maji yakipata joto, mwili wake nao hufanya kazi kwa kasi zaidi na kudai oksijeni zaidi. Kipato kinashuka, matumizi yanapanda. Januari na Februari jijini Dar es Salaam, chumba kikiwa hakina hata feni, neoni tetra aliyezoea maji ya nyuzi 21 hadi 26 anaishi kwa taabu hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Mfugaji wa pwani angefanya vyema kuanza na gapi, ambaye joto halimsumbui sana, kuliko kununua tetra kwa ajili ya rangi.

Wakihema alfajiri na kupata nafuu mchana, tazama mimea. Mchana, kwenye mwanga, majani hutoa oksijeni. Usiku nayo huivuta kama samaki wanavyoivuta. Tangi lenye mimea mingi na samaki wengi hufika alfajiri likiwa limekaukiwa. Acha pampu ifanye kazi usiku.

Umeme ukikatika, kinachohitajika ni jagi. Chota maji ya tangi, yainue kimo cha shibiri mbili, yamwage yaanguke na kutoa mapovu. Rudia mara ishirini au thelathini, pumzika, rudia tena baada ya muda. Usilishe, kwa maana kumeng'enya chakula nako kunakula oksijeni. Na umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiliwashe papo hapo chujio la kopo lililofungwa. Maji yaliyolala ndani yake bila hewa yameshaharibika, na ukiyasukuma tangini utamaliza kazi iliyoanzwa na giza. Lifungue, mwaga, suuza, ndipo uwashe.

Kuna wanaopanda juu bila shida yoyote. Beta, yule mpiganaji wa Thailand mwenye mapezi kama kanga iliyotandazwa, ana kiungo juu ya matamvua cha kupumulia hewa tupu. Akizuiwa kufika juu huzama kama mtu. Mwachie nafasi kati ya maji na kifuniko. Koridora, wadogo wa jamii ya kambare, huchomoka ghafla kutoka chini, humeza funda moja la hewa na kurudi mchangani, na hewa ile huifyonza kwa utumbo. Safari moja moja ni kawaida yao. Wakianza kupanda kila dakika, jua oksijeni ya majini imepungua na wao wamekuwa wa kwanza kusema.

*

Sasa tangi jipya, ambako samaki wengi wa mapambo hufia. Mtu hununua tangi Jumamosi asubuhi, analijaza maji, na jioni anaweka samaki kumi. Siku tatu wanacheza vizuri. Siku ya tano wanalala sakafuni mapezi yamebanwa mwilini, wengine wanarukaruka kama waliochomwa, matamvua yamekuwa mekundu. Muuzaji anasema ni fangasi. Ni uchafu wao wenyewe.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, saa zote za maisha yake. Ziwani hupotelea katika maji mengi. Katika lita arobaini haina pa kwenda. Kinachowaokoa ni bakteria wa aina mbili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao huongezeka polepole. Huchukua wiki nne hadi sita kujenga kituo chao ndani ya sponji ya chujio. Kabla ya hapo tangi ni choo kisicho na shimo.

Hapa pH ni ya kufuatiliwa kwa makini, maana ndiyo inayoamua ukali wa sumu. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika umbo lile kali linaloua. Kwenye pH 8 hufika asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 hupita theluthi moja. Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji yenye pH inayokaribia 9, hana nafasi ya kukosea: kiasi cha amonia ambacho tangi la tetra lingekivumilia, kwake ni msiba.

Nitriti ina hila nyingine. Huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia, na samaki huhema juu ya maji yaliyojaa mapovu ya pampu. Mfugaji anaongeza pampu ya pili, wala hapati nafuu. Chumvi ya kawaida, gramu 1 kwa lita, iliyoyeyushwa kwanza kwenye kikombe na kutiwa kidogo kidogo, husaidia kwa sababu kloridi yake hushindania mlango uleule ambao nitriti huingilia matamvuani. Koridora wasitiwe chumvi kwa pupa. Dawa yenyewe hasa ni kubadilisha maji, robo au theluthi ya tangi kwa siku, hadi vipimo vya matone vioneshe amonia sifuri na nitriti sifuri.

Nani huua bakteria hao wema? Mara nyingi ni mtu msafi. Analiona chujio limeshika ute wa kahawia, analipeleka bombani, analisugua likawa jipya. Klorini ya bomba huwaua wale waliojengwa kwa wiki sita, na kesho yake tangi la mwaka mzima linaanza kuugua kama tangi la jana. Sponji hukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, ikitoka bado na rangi yake chafu. Ule ute ndio mtaji.

Klorini yenyewe huwafanya samaki wakimbie huku na huku na kujigonga mara tu maji mapya yanapoingia. Maji yaliyowekwa kwenye ndoo yenye mdomo mpana kwa siku nzima hupoteza klorini ya kawaida, na zaidi yakikorogwa. Palipotumika kloramini, haitoki kwa kulazwa, hata wiki. Hapo hutumika dawa maalumu ya kuondoa klorini, inayouzwa kwa matone. Wenye maji ya kisima wana shida nyingine: hakuna klorini, lakini maji mengi ya visima vya pwani ni magumu na yana chumvi, na samaki wa maji laini ya Amazoni hupoteza rangi humo bila ugonjwa wowote.

*

Samaki anayejikuna hutazamwa kwa karibu. Huogelea kwa mwendo wa kawaida, ghafla huinama ubavu, hujipangusa kwenye jiwe kwa kasi hadi magamba yakamulika, kisha huendelea kama hakuna lililotokea. Mara moja kwa siku si kitu. Mara kumi kwa saa ni habari.

Subiri mwanga uwe wa pembeni, mtazame mapezi. Ukiona chembe nyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa, huyo amepata ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kidudu kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Doa lile jeupe ni kidudu kinachokula chini ya ngozi, mahali ambapo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujifungia kwenye mfuko sakafuni, hujigawa hadi kuwa mamia, pengine zaidi ya elfu, na watoto hao hutoka kutafuta samaki. Wasipompata kwa siku moja au mbili wanakufa. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko wote hauchukui zaidi ya wiki moja hivi.

Jambo hili likieleweka, upumbavu wa tiba nyingi unaonekana. Mfugaji anatia dawa Jumatatu, Alhamisi madoa yametoweka, anashukuru Mungu na kuacha. Madoa hayakufa, yalidondoka yakaenda kuzaa. Jumapili yanarudi mara kumi. Dawa huua wale wanaoogelea tu, kwa hiyo huendelezwa hata ngozi ikiwa safi, siku 10 hadi 14 kwa jumla, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kupandisha joto hadi nyuzi 28 au 29 huharakisha mzunguko ili vidudu vitoke mafichoni mapema, mradi pampu ya hewa inafanya kazi kwa nguvu. Toa mkaa wa kuchujia kabla ya kutia dawa, la sivyo mkaa utainywa yote.

Kama hakuna madoa, mulika tochi ubavuni. Vumbi la dhahabu kama kutu laini ni ugonjwa mwingine wa vidudu, wa hatari zaidi, na unahitaji dawa yake yenyewe. Kama hakuna madoa wala vumbi, rudi kwenye vipimo vya maji kabla ya kurudi dukani. Amonia nayo huwasha.

Samaki mpya akikaa peke yake kwenye ndoo au tangi la pembeni wiki tatu hadi nne kabla ya kujiunga na wenzake, mengi ya haya hayatokei. Wafugaji wote wanalijua hili, na karibu wote hulivunja siku wanapomwona samaki mzuri dukani.

*

Woga una sura nyingi. Mwaka 1938 Karl von Frisch, huyohuyo wa Tuzo ya Nobeli, alieleza jambo aliloligundua kwa samaki wadogo wa mitoni: mmoja aliyejeruhiwa ngozi aliporudishwa kwa wenzake, kundi zima lilitawanyika na kujificha. Ngozi iliyochanika ilitoa kemikali majini, na wenzake waliinusa kama tangazo la hatari. Tetra, rasbora, danio na koridora wana mfumo huohuo. Kwa hiyo mtu akimkimbiza tetra mmoja kwa wavu hadi magamba yakatoka, asishangae wote wakijibanza nyuma ya chujio siku nzima. Hakuna mgonjwa. Tumia wavu mkubwa na uende polepole, au mwongoze aingie kwenye kikombe cha plastiki.

Neoni tetra wawili watatu ndani ya tangi tupu hujificha maisha yao yote, na mwenye nyumba hudhani ndivyo walivyo. Ni wa kundi. Sita ni pungufu, kumi wanaanza kutembea kwa kujiamini. Danio aliyewekwa mahali pageni naye hushuka chini kwanza, hukaa dakika kadhaa, kisha hupanda taratibu kukagua. Watafiti hupima wasiwasi wa samaki huyo kwa muda anaobaki chini. Basi mgeni wako mpe saa kadhaa za taa iliyozimwa, mimea na pango, kabla hujamtangaza mgonjwa.

Anayepanda na kushuka kwenye kioo bila kukoma, pua imegusa, anaweza kuwa amebanwa nafasi au maji yamemchukiza. Lakini kabla ya yote, rudi Leiden: je, anaona nini? Usiku, taa ikiwaka ndani ya tangi na chumba kikiwa giza, kioo hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Beta huona dume mwingine asiyechoka, asiyerudi nyuma, mwenye kujibu kila tusi. Hutandaza mapezi hadi yanachanika. Bandika karatasi nyeusi upande ule au washa taa ya chumbani, na vita huisha dakika hiyohiyo.

*

Kulala ubavu na kuelea kichwa chini huogopesha kuliko yote, na hapo aina ya samaki ndiyo inayoamua. Katika bonde la Kongo kuna ngogo mdogo, Synodontis nigriventris, anayeogelea chali karibu maisha yake yote; ameligeuza hata vazi, tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo ili aonekane kidogo akiwa amepinduka. Ziwa Nyasa lina Nimbochromis livingstonii, mkubwa mno kwa tangi dogo lakini huuzwa akiwa kichanga. Hujilaza ubavu mchangani, rangi yake ya mabaka ikifanana na maiti inayooza. Vidagaa vikija kudonoa, maiti huamka na kula. Kenneth McKaye aliyaandika hayo mwaka 1981 baada ya kuyaona ziwani. Ni wazi kuna mfugaji mahali fulani aliyekwisha kumtupa mmoja akiwa mzima.

Samaki wa dhahabu mwenye mwili wa mviringo, au beta, akielea kama kizibo baada ya kula, habari ni nyingine: tumbo lililojaa linabana kibofu cha hewa kinachomsaidia kukaa sawa majini. Mnyime chakula siku mbili tatu. Kisha loweka punje za chakula kabla ya kumpa, ili zisivimbie tumboni. Akipinduka huku magamba yamesimama kama koni ya msonobari, hilo si tumbo. Viungo vya ndani vimeshindwa na matumaini ni madogo.

Mambo ya uzazi yanafurahisha zaidi. Gapi jike anayejitenga pembeni, hali, na tumbo lake limekuwa la pembe pembe, atazaa muda si mrefu. Mimba yake ni wiki tatu hadi nne, na mbegu za dume huziweka akiba kwa miezi, hivyo kuzaa bila dume tangini si muujiza. Vifaranga hawana mama wa kuwalea. Watamezwa wasipopata mimea ya kujifichia. Jike wa mbuna wa Nyasa anayekataa kula karibu wiki tatu, kidevu kimevimba na anatafuna hewa, hana uvimbe wowote: amebeba mayai mdomoni, kama mfugaji yeyote wa perege anavyojua. Usimkimbize kwa wavu, atayatema.

Na wale wadogo wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus multifasciatus, ambao dume wao hafiki sentimita 5, wanastahili kutazamwa kwa jioni nzima. Huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Dume huchota mchanga kwa mdomo, hutembea nao hatua yake ndogo, huutema kwenye ua wa jirani, hurudi kuchota. Asubuhi tangi limekuwa na mashimo na vilima, mimea imeng'olewa, na mwenye tangi anadhani wameingiwa na ugonjwa wa kula udongo. Wanajenga. Wape mchanga laini wa sentimita tano, makombe mengi kuliko idadi yao, na uache kupanda maua.

Mwisho kuna uzee, ambao muuzaji hautaji. Unguja, katika madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi, anaishi Nothobranchius guentheri, samaki wa sentimita tano mwenye mkia mwekundu na mwili wa buluu na kijani. Dimbwi lake halimpi mwaka mzima, naye mwili wake haukuumbwa kwa mwaka mzima. Ndani ya wiki chache huwa mtu mzima, hutaga kila siku, na tangini, hata akilindwa na ukame, baada ya miezi kadhaa huanza kukonda, mgongo unapinda, rangi inachujuka, analala chini kutwa. Binamu yake wa Msumbiji na Zimbabwe, N. furzeri, huzeeka kwa miezi michache tu, na kwa sababu hiyo maabara humtumia kuchunguza uzee. Hakuna dawa ya kumtilia mzee wa Unguja. Mhamishie mahali maji hayasukumi, mpe chakula laini.

Ila kabla ya kuosha tangi lake, chunguza sakafu. Ikiwa uliweka mboji laini, mayai yamo humo. Ikamue ibaki na unyevu kama wa tumbaku, itie kwenye mfuko wa plastiki, uandike tarehe juu yake, uweke kabatini miezi 3 hadi 4. Kisha imwagie maji yasiyozidi vidole vitatu kina. Kwa saa chache vifaranga wataanza kuchomoka. Baadhi yao watakuwa wakijiburuta kwa tumbo sakafuni, wasiweze kuinuka: hao walitoka kwenye yai bila kujaza kibofu cha hewa. Kina kifupi huwasaidia wengi kufika juu kwa wakati, basi usiongeze maji siku ya kwanza.